Maji Hayana Meno

Saa kumi na mbili, nje bado giza,
narudi na buti zilizopigwa ukungu mweupe.
Tani tisa za chumvi nimezimwaga usiku huu
kutoka Winsford hadi mzunguko wa Davenham.
Nazivua juu ya gazeti. Theluji iliyogandamana kwenye soli
inaanza kuacha kidimbwi.

Raya ameamka. Leo ana mtihani wa kemia,
meza ya jikoni yote kalamu za rangi.
"Mama, chumvi ikiyeyuka inakwenda wapi?"

Kwanza tuelewane kwa neno, nasema.
Barafu huyeyuka. Siagi huyeyuka, ukiisahau karibu na jiko.
Hizo zimeshindwa na joto.
Chumvi uipikie hadi nyuzi mia nane
ndiyo ianze kufikiria.
Chumvi humumunywa.
Kama wewe ulivyokuwa hujaota jino,
biskuti umeikamata kwa mikono miwili,
hutafuni,
na biskuti haipo.
Maji hayana meno.

Anachora. Sodiamu, duara la zambarau:
ilitoa kitu kidogo mno, tangu hapo ni chanya.
Kloridi, duara la kijani, ndiyo iliyokipokea.
Kila moja na majirani sita wa kinyume chake,
safu juu ya safu, hakuna anayepumua.

Halafu maji:
kichwa kimoja cha oksijeni kinachoelemea hasi,
masikio mawili ya hidrojeni yanayoelemea chanya.
Kwa sodiamu hutanguliza kichwa,
kwa kloridi, masikio.
Wala hayaanzii katikati. Yanaanza konani,
kwa yule mwenye majirani watatu tu.
Bandu bandu.
Tone moja la moja halina nguvu, lakini yakija sita
yanamzunguka kama mashangazi na bibi harusi,
huku yakimsemesha, huku yakimvuta,
na mkono unaachia.

"Na chaki?"
Chaki nayo huvutwa. Ila wale
wameshikana kwa mikono miwili miwili.

Clifford Hulse, anayenipakilia lori,
amekula chumvi nyingi na kuichimba zaidi.
Anasema Northwich ilizama hivihivi:
matajiri wa zamani walivuta maji chumvi kutoka chini,
maji baridi yakashuka kushika nafasi,
yakamumunya nguzo moja, yakamumunya ya pili,
hadi asubuhi duka zima limeinamia barabara
kama mtu anayetafuta funguo.
Ndiyo maana nyumba za mtaa mkuu ni za mbao,
ziinuliwe kwa jeki zikididimia.
Hatii chumvi. Boliti zenyewe nimeziona.

Raya anazungusha kijiko kwenye bilauri.
"Kwa hiyo zinaachana tu."
Haniangalii.
Baba yake yuko Leeds tangu Machi,
na watu wake sita wamemzunguka.
Nami ninao wangu: Clifford, Maureen wa zamu,
jirani wa juu na mbwa wake kiziwi.

Zinaachana, nasema. Hazifi.
Onja.
Anaonja, anakunja uso.
Unaona? Zote mbili zimo humo,
kila moja na msafara wake.

"Na maji yakikauka?"
Swali hili nililiogopa tangu nilipovua buti.
Zitashikana tena, nasema. Miraba, kona kali, kama mwanzo.
Ila sodiamu haikumbuki.
Hushika kloridi iliyo karibu.
Si lazima iwe ileile.

Anaandika. Anafuta.
Anaandika tena, kwa kalamu ya wino safari hii,
anafunga daftari, anatafuta koti.
"Basi la saa moja na nusu," anasema,
na ananibusu shavuni, pale pale penye chumvi.

Mlango. Ngazi. Kimya.
Hita inanguruma.
Juu ya gazeti, kidimbwi kimesinyaa,
na ukingoni mwake mstari mweupe umeanza.